Kwa Nini Miezi Sita: Bakteria wa Kifua Kikuu na Mafuta Anayoishi Nayo

Mtu aliyewahi kuugua kifua kikuu, au kumuuguza ndugu mwenye nacho, anaijua hesabu ya miezi sita. Miezi miwili ya mwanzo anameza vidonge vyenye dawa nne ndani yake: rifampisini, isoniazidi, pirazinamaidi na ethambutoli. Miezi minne inayofuata zinabaki mbili, rifampisini na isoniazidi. Mkojo unageuka rangi ya chungwa, tumbo linasumbua, na wakati huohuo mgonjwa anazidi kupata nafuu. Homa za jioni zinakoma, jasho la usiku linakatika, uzito unarudi. Makohozi yakipimwa mwisho wa mwezi wa pili, mara nyingi hayaonyeshi kitu. Na bado anaambiwa aendelee, imebaki miezi minne.

Malaria ya kawaida tunaitibu kwa siku tatu. Kwa nini ugonjwa huu mmoja udai nusu mwaka?

Kliniki hujibu kwamba ukikatisha dozi ugonjwa utarudi, tena ukiwa sugu. Ni kweli kabisa, na mgonjwa aambiwe hivyo kila anapokuja. Ila jibu hilo linaeleza kitakachotokea ukiacha dawa. Halielezi bakteria mwenyewe anafanya nini mwilini muda wote huo, kajibanza wapi, anakula nini. Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika sekondari moja wilayani Bahi, na naamini mgonjwa anayeelewa anapambana na nini humeza vidonge vyake kwa moyo tofauti na yule anayeamriwa tu. Tangu ugonjwa ulipoingia kwenye ukoo wetu nimesoma kila nilichoweza kupata juu yake, na sehemu iliyonishika kuliko zote ni hii ya chakula.

Hiyo miezi sita yenyewe ina historia ya kwetu. Hadi miaka ya 1960 tiba ya kifua kikuu ilichukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Kuanzia 1970, watafiti wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza waliokuwa chini ya Wallace Fox, wakishirikiana na hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, walijaribu jambo ambalo wakati huo lilionekana la kuthubutu mno: kutibu kwa miezi sita basi. Matokeo ya kwanza yalitoka 1972. Waliomeza isoniazidi na kuchomwa streptomaisini, kisha wakaongezewa rifampisini au pirazinamaidi, ni wachache tu waliorudiwa na ugonjwa. Waliokosa dawa hizo mbili za nyongeza walirudiwa kwa wingi. Wagonjwa wa Afrika Mashariki ndio waliofupisha tiba ya dunia nzima, na mimi nalisema hilo darasani kila mwaka kwa sauti ya juu, maana wanafunzi wetu wamezoea kusikia sayansi kama habari ya watu wa mbali.

Kuna jambo katika matokeo yale linalostahili kutazamwa kwa makini. Wale waliorudiwa, makohozi yao yalikuwa yamesafika. Isoniazidi huua bakteria kwa kasi kubwa siku za mwanzo. Sasa waliorudi walitoka wapi? Walikuwemo humohumo mwilini, hai, wasioongezeka, wasioguswa na dawa inayowaua wenzao wanaokua. Habari ya miezi minne ya mwisho ni habari ya hao.

Bakteria huyu alitambulishwa na Robert Koch mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882. Ni mzito wa kukua: wakati bakteria wa kawaida wa utumbo hugawanyika kila baada ya dakika 20 akipata chakula kizuri, huyu huhitaji karibu saa 20. Mgonjwa akikohoa, matone madogo sana huelea hewani, mwingine akayavuta hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu. Pale hukutana na makrofaji, seli za kinga ambazo kazi yake ni kumeza na kuyeyusha. Bakteria wengi wakimezwa ndio mwisho wao. Huyu wa kifua kikuu humezwa, halafu hukizuia kile kifuko alichomezwa nacho kisiungane na vifuko vyenye asidi na vimeng'enya vya kumeng'enyea. Anabaki ndani ya seli iliyokusudia kumuua, na pale anatakiwa aishi.

Aishi kwa kula nini? Sukari humo ni adimu. Kilichopo kwa wingi ni mafuta. Makrofaji zilizoambukizwa hujaa matone ya mafuta hadi zikitazamwa kwa hadubini zinaonekana zimefura mapovu. Seli nyingine za kinga huja kuzizunguka na kujenga kinundu, kiitwacho granuloma, ili kuuzingira ugonjwa usisambae. Katikati ya kinundu seli hufa, na kinachobaki ni kitu kizito cheupe chenye kolesteroli na mafuta tele. Bakteria yuko humo, na oksijeni ni kidogo.

Mwaka 1956, watafiti wawili, Segal na Bloch, walichukua bakteria hawa moja kwa moja kutoka kwenye mapafu ya panya wagonjwa wakawapa vyakula mbalimbali, wakipima namna wanavyopumua. Kwa glukosi hawakushtuka. Kwa asidi za mafuta, upumuaji wao ulipanda. Wenzao waliokuzwa kwenye chupa za maabara hawakuwa na ubaguzi huo. Kwa hiyo bakteria wa kwenye pafu na bakteria wa kwenye chupa, ingawa ni wa aina moja, walikuwa wanaishi maisha mawili tofauti. Ugunduzi huo ulikaa miaka mingi bila kuvuta watu wengi, jambo ninalolisikitikia, kwa sababu dawa ziliendelea kupimwa kwa bakteria walioshiba vizuri chupani.

Mwaka 1998 timu iliyoongozwa na Stewart Cole ilichapisha jenomu nzima ya bakteria huyu. Herufi zake za urithi ni takriban milioni 4.4, jeni zake zinakaribia 4,000. Walipohesabu vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha kazi za kikemia ndani ya seli, vile vinavyohusika na mafuta, kuyajenga na kuyavunja, walikuta karibu 250. Bakteria wa utumbo, E. koli, ambaye jenomu yake inakaribiana na hiyo kwa ukubwa, ana karibu 50. Sehemu kubwa ya urithi wa kiumbe huyu ni maarifa ya kushughulika na mafuta. Na ukuta wake wenyewe, ule unaomfanya awe mgumu kupakwa rangi maabara na mgumu kupenywa na dawa, umejengwa kwa asidi ndefu za mafuta ziitwazo asidi mikoliki. Isoniazidi hufanya kazi kwa kuzuia ujenzi wa asidi hizo.

Sasa nifike mahali ambapo mafuta yanakuwa tatizo hata kwa anayeyapenda.

Asidi ya mafuta ni mnyororo mrefu wa kaboni. Kiumbe akiuvunja, huukata vipande vya kaboni mbili mbili, kila kipande kikibebwa na koenzaimu A. Kipande hicho, asetili, huingia kwenye mzunguko ambao wanafunzi wa kidato cha tano na sita wanaukariri kwa jasho: mzunguko wa Krebs. Kaboni mbili zinaungana na kaboni nne, inapatikana sitreti yenye kaboni sita. Baada ya hatua chache kaboni moja inatoka kama kaboni dioksidi, kisha nyingine, tunarudi kwenye nne. Nishati imepatikana nyingi. Lakini hesabu ya kaboni ni sifuri: zimeingia mbili, zimetoka mbili. Ni kama mkulima anayevuna magunia mawili na kudaiwa magunia mawili palepale kwenye uwanja wa kupuria. Vibarua wamekula siku ile, ghalani hakuna kilichoingia.

Kiumbe mwenye sukari hatishiki na hesabu hiyo, kwa kuwa vifaa vya ujenzi anavipata kwenye sukari. Kiumbe mwenye mafuta peke yake anatishika sana. Anahitaji sukari kwa ajili ya ukuta wake, anahitaji vijenzi vya DNA, anahitaji asidi za amino. Atavitoa wapi, ikiwa kila kaboni inayoingia inatoka kama hewa? Mwili wa binadamu haujawahi kulitatua hili. Mafuta yetu tunayachoma, lakini asidi za mafuta za kawaida hatuwezi kuzigeuza kuwa sukari. Ndiyo maana aliyefunga kwa muda mrefu huanza kukonda misuli: mwili unavunja protini ili kupata sukari ambayo mafuta hayawezi kuutolea.

Waliolitatua ni mimea na bakteria, na njia yao iligunduliwa Oxford mwaka 1957. Hans Krebs, yuleyule wa mzunguko, akiwa na Hans Kornberg, alionyesha kwamba bakteria wanaolelewa kwa chakula cha kaboni mbili tu wana njia ya mkato. Mwaka huohuo Kornberg na Harry Beevers waliikuta njia ileile kwenye mbegu za nyonyo zinazochipua. Mbegu yenye mafuta ina kazi ngumu: iko gizani ardhini, haina jani la kutengenezea sukari, na akiba yake ni mafuta. Lazima iyageuze kuwa sukari ijenge mzizi, shina na jani la kwanza.

Njia yenyewe ni ya vimeng'enya viwili. Cha kwanza kinaitwa isositreti-liasi. Mzunguko wa Krebs unapofika kwenye isositreti, kabla kaboni ya kwanza haijapotea, kimeng'enya hiki kinaikata ile molekuli ya kaboni sita vipande viwili: kimoja cha kaboni nne, kingine cha kaboni mbili kiitwacho glioksileti. Cha pili, maleti-sinthasi, kinachukua glioksileti na kuiunganisha na asetili nyingine iliyotoka kwenye mafuta, inapatikana maleti ya kaboni nne. Zile hatua mbili zinazopoteza kaboni zimerukwa zote. Asetili mbili zimeingia, na safari hii kuna kaboni nne za kuweka akiba. Kutoka hapo vimeng'enya vingine vinapandisha kaboni hizo hadi kuwa sukari.

Kwa sisi wa kanda ya kati mfano wa jambo hili uko mashambani. Ukitoka Dodoma mjini kwa barabara ya Singida, ukapita Kizota na Nala na Bahi na kuendelea, mwezi wa nne utaona njano ya alizeti kushoto na kulia. Punje ya alizeti ikimenywa, karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Ikipata unyevu wa mvua za mwanzo, isositreti-liasi na maleti-sinthasi huanza kutengenezwa ndani yake kwa wingi, mafuta yanageuzwa sukari, na mche unachomoza. Jani likishafunguka na kuanza kushika jua, vimeng'enya hivyo viwili hupungua hadi vikatoweka. Kazi yake imekwisha.

Hilo ndilo nililomweleza baba mdogo. Yeye ni mkulima wa alizeti, na mwaka aliougua, miezi miwili ya mwanzo ya dawa iliisha wakati mavuno yameanza. Alikuwa amepata nguvu, makohozi yalikuwa safi, na idadi ya dawa ilikuwa imeshuka kutoka nne hadi mbili, jambo ambalo yeye alilitafsiri kwamba ugonjwa umekwisha na zilizobaki ni za kumalizia tu. Alitaka kuhamia kwenye kambi ya shambani, mbali na zahanati, hadi mavuno yaishe.

“Mwanangu,” aliniambia, “hawa wadudu si wamekufa? Mimi mwenyewe nimeonyeshwa karatasi, hakuna kitu.”

“Wamekufa waliokuwa wanazaana, baba. Wapo waliotulia.”

“Wametulia wanakula nini miezi yote hiyo?”

Palikuwa na gunia wazi karibu yake. Nilimwuliza punje ya alizeti ikifukiwa ardhini inapata wapi nguvu ya kutoa jani la kwanza. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la mtoto. “Kwenye mafuta yake. Punje ikiwa pepe haioti.”

“Basi mdudu huyu anafanya hivyohivyo, kwa njia ileile, isipokuwa mafuta anayoyatumia ni ya kwako.”

Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza jambo ambalo sikulitegemea: kama punje inaweza kukaa ghalani miaka na bado ikaota, je, na huyu anaweza? Nilimjibu ndiyo. Takriban robo ya watu duniani wanakadiriwa kuwa na bakteria huyu bila kuugua, na wengine huja kuugua miaka mingi baada ya kuambukizwa. Tena bakteria anayeingia kwenye hali ya kutulia hujiwekea akiba ya mafuta ndani ya seli yake mwenyewe, matone anayoweza kuyavunja baadaye. Baba mdogo alienda kwenye mavuno na vidonge vyake, na mama mdogo ndiye aliyekuwa anamsimamia kumeza kila asubuhi.

Maabara zimethibitisha kwamba vimeng'enya hivi ni uhai wa bakteria. Mwaka 2000 John McKinney na wenzake walitengeneza bakteria waliofutiwa jeni moja ya isositreti-liasi wakawaambukiza panya. Wiki mbili za kwanza hapakuwa na tofauti yoyote. Bakteria waliongezeka mapafuni sawa na wenzao. Kinga ya panya ilipoamka, waliopungukiwa kimeng'enya wakaanza kupungua, wenzao wakadumu. Halafu walifanya jaribio ambalo mimi naliona ndilo lenye akili kuliko yote: waliwatumia panya wasio na interferoni-gama, kemikali inayoamsha makrofaji. Kwa panya hao, bakteria asiye na kimeng'enya alikuwa mkali sawasawa na mwenye nacho. Kinga yetu yenyewe, inapobana, ndiyo inayomsukuma bakteria kwenye maisha ya mafuta.

Bakteria ana jeni mbili za kimeng'enya hiki. Mwaka 2005 Muñoz-Elías na McKinney walizifuta zote mbili kwa pamoja, na safari hii bakteria hakuweza hata kuanza ugonjwa. Mapafu ya panya yalimwondoa haraka. Mwaka 2010 ikaonekana kwamba kukiondoa kimeng'enya kingine cha mbele zaidi, kile kinachoanza kuzipandisha kaboni nne kuelekea sukari, nako humfanya bakteria ashindwe kuanzisha maambukizi na ashindwe kuyadumisha.

Kolesteroli nayo imo. Mwaka 2008 Pandey na Sassetti walionyesha kwamba bakteria ana mfumo maalumu wa kuiingiza kolesteroli ya mwenyeji wake, na bila mfumo huo hawezi kudumu. Kuivunja kolesteroli kunatoa vipande vya kaboni tatu, propionili, ambavyo vikirundikana ni sumu kwa bakteria mwenyewe. Kimeng'enya kinachosaidia kuviondoa ni nani? Ni isositreti-liasi tena. Kimeng'enya kimoja, kazi mbili: kuokoa kaboni na kuondoa sumu.

Na kuna kazi ya tatu, inayoturudisha kwenye miezi sita. Mwaka 2014 Nandakumar na wenzake walionyesha kwamba bakteria wasio na isositreti-liasi hufa kwa urahisi zaidi wakikutana na isoniazidi, rifampisini na streptomaisini, dawa tatu zinazofanya kazi kwa njia tatu zisizohusiana. Kumbe kimeng'enya cha kulia mafuta kinamsaidia bakteria kustahimili dawa pia. Usugu huu si ule wa kubadilika kwa jeni unaopimwa kwa GeneXpert, ile mashine ya kupima makohozi. Ni uvumilivu wa muda wa bakteria ambaye kwa kipimo cha maabara bado anaonekana anatibika. Mgonjwa anayemeza dawa miezi minne huku akijiona mzima anasubiri uvumilivu huo uishe.

Pirazinamaidi inastahili aya yake. Ndiyo iliyosaidia kufupisha tiba hadi miezi sita, na kwa miongo mingi hakuna aliyeweza kueleza vizuri inafanyaje kazi. Ndani ya chupa yenye chakula cha kawaida haimfanyi bakteria lolote la maana. Utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba ikishageuzwa ndani ya bakteria, hushika kimeng'enya kinachohitajika kutengenezea koenzaimu A, na kimeng'enya hicho huharibiwa. Kumbuka ni koenzaimu A inayobeba kila kipande cha mafuta kinachovunjwa. Kwa hiyo kidonge ambacho baba mdogo alikimeza miezi miwili ya mwanzo kilikuwa tayari kinamnyang'anya bakteria chombo cha kubebea chakula chake.

Baada ya kumweleza haya, baba mdogo aliuliza swali ambalo nimelisikia pia kwa wazazi wa wanafunzi: basi aache nyama na mafuta, mdudu afe njaa? Hapana, na nasema hapana hii kwa nguvu zangu zote. Bakteria hasubiri mafuta ya kwenye sahani. Yuko ndani ya seli, na seli hizo zitakuwa na mafuta na kolesteroli hata mgonjwa akishindia uji mweupe. Anayejinyima anaidhoofisha kinga, na kinga dhaifu ndiyo mlango mkuu wa ugonjwa huu. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika jimbo la Jharkhand nchini India: familia za wagonjwa zilizopewa chakula cha nyongeza, nafaka na kunde pamoja na virutubishi vya ziada, zilipata wagonjwa wapya pungufu kwa takriban asilimia 39 kuliko familia za kulinganisha nazo. Chakula tu, bila dawa mpya. Kwetu, ambako mvua ni ya msimu mmoja na miezi ya kuelekea mavuno maghala huwa matupu, utafiti ule unatuhusu moja kwa moja. Mgonjwa ale ugali wake wa uwele au mtama, mlenda uungwe kwa karanga, apate maharage, yai, maziwa, na nyama ikipatikana. Mafuta ya alizeti yatiwe kwenye mboga bila hofu.

Huwa naulizwa na wanafunzi: kama kimeng'enya hiki ni uhai wa bakteria, na sisi binadamu hatuna, mbona hakuna dawa ya kukiziba? Swali zuri, na wa kwanza kujibu ni mwili wenyewe. Makrofaji ikiamshwa hutengeneza kemikali iitwayo itakoneti. Mwaka 2013 ndipo jeni inayohusika ilipotambuliwa. Itakoneti huziba isositreti-liasi. Yaani seli zetu zilikuwa zinapiga mahali palepale kabla watafiti hawajapafikiria. Bakteria naye ana vimeng'enya vya kuivunja itakoneti, jambo lililoelezwa mwaka 2019, ndiyo sababu silaha hiyo peke yake haimalizi vita.

Watengeneza dawa nao wamekwama kwenye umbo. Kitundu ambamo isositreti hukatwa ni kidogo, kina chaji nyingi, na kimeng'enya hujifunga juu yake kazi inapoanza. Molekuli kubwa ya dawa haiingii, na molekuli ndogo zinazoingia, kama nitropropioneti, zinadhuru pia vimeng'enya vyetu wenyewe. Kwa hiyo baadhi ya watafiti wamehamia kwenye kimeng'enya cha pili. Kitundu cha maleti-sinthasi ni kikubwa zaidi, na mwaka 2012 zilitangazwa molekuli zilizoweza kukiziba na kupunguza bakteria kwenye panya.

Mimi nina matumaini zaidi na njia hii, kwa sababu ya jambo lililoonekana mwaka 2017. Watafiti walikizima maleti-sinthasi huku isositreti-liasi ikiachwa iendelee. Kimeng'enya cha kwanza kiliendelea kukata isositreti na kutoa glioksileti, na cha pili hakikuwepo kuipokea. Glioksileti ikajaa ndani ya bakteria, na glioksileti iliyojaa ni sumu. Kadiri alivyozidi kula mafuta ndivyo alivyozidi kujitilia sumu kwa kimeng'enya chake mwenyewe. Bado hakuna dawa ya namna hiyo iliyofika kwenye dirisha la kliniki yoyote.